Aliyetembea Wenzake Walipokimbia

Wengi wetu tuliokuwa vijana katika miaka ya 1990 tulimjua Khadja Nin kwa sauti yake. Alizaliwa Burundi, akahamia Ubelgiji, na kutoka huko akawaimbia walimwengu kwa Kiswahili. Nilichelewa sana kufahamu kwamba aliolewa na Mbelgiji aliyekuwa dereva mashuhuri wa mashindano ya magari, na nilipofahamu sikujali. Kwangu mimi mashindano ya magari yalikuwa Safari Rally: tope la Aprili na Joginder Singh. Mtu wa langalanga, wa barabara zilizopigwa lami kwa ajili ya kuzunguka na kurudi pale pale, hakunihusu.

Nilikosea. Miaka kadhaa iliyopita, nikitayarisha mhadhara kuhusu kukataa amri, nilitafuta mfano ambao wanafunzi wangu hawakuwa wameukariri. Chumvi ya Gandhi wanaijua. Kiti cha Rosa Parks ndani ya basi wanakijua, tena wanakijua kiasi kwamba wameacha kukifikiria. Nilihitaji kisa kitakachowafanya wabishane. Nikakipata kwa mume wa Khadja Nin, Jacky Ickx, na tangu hapo sijaacha kukifundisha, ingawa kila mwaka huniacha na mashaka zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Kwanza msomaji aelewe tofauti ya magari yenyewe. Gari la langalanga lina kiti kimoja, na kiti hicho hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Shindano huchukua saa mbili hivi. Ushindi ni wake, na kushindwa ni kwake, hata kama mafundi kumi wamekesha. Gari la spoti la mbio za masafa marefu ni kitu kingine. Magurudumu yake yamefunikwa, lina taa kwa sababu litaendeshwa usiku, na madereva wawili au watatu hupokezana usukani. Mwenye miguu mirefu na mwenye miguu mifupi hukalia kiti kile kile, na aghalabu wote wawili hawaketi vizuri. Mbio kuu za aina hii ni za Le Mans nchini Ufaransa, ambazo hudumu saa 24. Dereva anayeanza katika langalanga kisha akahamia huku huhesabiwa na wapenzi wa mchezo kuwa ameshuka daraja, kama profesa aliyehama chuo kikuu akaenda kufundisha sekondari.

Ickx alizaliwa Brussels tarehe 1 Januari 1945. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari za mashindano ya magari na pikipiki, na mtoto alianza na pikipiki. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 22, aliingizwa katika Grand Prix ya Ujerumani pale Nürburgring akiwa na gari la Formula 2, yaani gari la daraja la chini lenye injini dhaifu. Katika majaribio ya kupima muda ni madereva wawili tu waliomzidi, Jim Clark na Denny Hulme, nao wakiendesha magari ya langalanga kamili. Mwaka uliofuata Ferrari ikamwajiri. Akashinda Grand Prix ya Ufaransa kwenye mvua ya Rouen, siku ambayo Mfaransa Jo Schlesser aliungua hadi kufa ndani ya gari lake. Ushindi wa kwanza wa kijana huyu na kifo cha mwenzake viliandikwa katika ukurasa mmoja wa gazeti, na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa enzi hizo.

Sasa tufike Le Mans, Juni 1969.

Ufaransa ilikuwa katika juma la uchaguzi. De Gaulle alikuwa amejiuzulu mwezi Aprili baada ya kushindwa katika kura ya maoni, na duru ya pili kati ya Pompidou na Poher ilipangwa Jumapili ya tarehe 15 Juni. Kwa sababu hiyo mbio, ambazo kwa desturi zilianza saa kumi alasiri, zilirudishwa nyuma hadi saa nane mchana wa Jumamosi ili wananchi wapate muda wa kupiga kura. Ninapenda jambo hili dogo. Ratiba iliweza kubadilishwa kwa ajili ya kura, lakini utaratibu wa kuanza mbio, uliokuwa ukihatarisha maisha, haukuguswa.

Utaratibu huo ulikuwa maarufu duniani. Magari yalipangwa mshazari upande mmoja wa barabara, na madereva walisimama upande wa pili. Bendera iliposhushwa, walivuka barabara mbio, wakarukia ndani ya magari, wakawasha na kuondoka. Watazamaji waliupenda. Tatizo lilikuwa mkanda. Magari ya miaka ya 1920, utaratibu huo ulipobuniwa, hayakuwa na mikanda wala mwendo wa kutisha. Kufikia mwaka 1969 gari jipya la Porsche 917 lilipita kilomita 300 kwa saa kwenye barabara nyoofu ya Mulsanne, na kumfunga dereva mkanda sawasawa kulihitaji muda na msaada wa fundi. Aliyekuwa na haraka aliondoka bila kuufunga, au alijaribu kuufunga kwa mkono mmoja akiwa ameshika usukani kwa mkono wa pili. Mwaka 1968 Mbelgiji mwingine, Willy Mairesse, aliondoka mlango wake ukiwa haujafungwa vizuri. Mlango ukafunguka katika mzunguko wa kwanza, gari likamshinda, na majeraha yakaikatisha kazi yake.

Bendera iliposhushwa mwaka 1969, madereva wote walikimbia isipokuwa mmoja. Ickx alitembea. Alivuka barabara kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, akaepa magari yaliyokwisha kuanza kuondoka, akaingia katika Ford GT40 yake, akafunga mkanda, akahakikisha mlango umefungwa, akaondoka wa mwisho. Hakubeba bango wala hakuwahutubia watazamaji. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Kabla mzunguko wa kwanza haujakamilika, John Woolfe, Mwingereza aliyekuwa amejinunulia Porsche 917, alipoteza udhibiti wa gari karibu na Maison Blanche. Gari likapasuka. Woolfe, ambaye hakuwa amefunga mkanda, alitupwa nje akafa. Tangi lake la petroli likaangukia njiani likiwaka, na Ferrari ya Chris Amon ikaligonga.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hunyamaza, nami huona wanadhani hadithi imekwisha: aliyetembea alikuwa na haki, waliokimbia walikosea, mbingu zimetoa hukumu. Lakini mbio zilikuwa na saa 23 na zaidi mbele yake. Ford ya Ickx na mwenzake Jackie Oliver ilikuwa gari la zamani. Ndilo lile lile lililoshinda mwaka uliotangulia, na hakuna aliyelitarajia kuzishinda Porsche mpya. Liliendeshwa kwa subira usiku kucha huku moja baada ya jingine yale yaliyokuwa mbele yakiharibika, hata 917 iliyoongoza sehemu kubwa ya mbio. Katika saa ya mwisho walibaki wawili tu wanaopigania ushindi, Ickx na Hans Herrmann wa Porsche. Walipitana mara kwa mara. Ickx alipunguza mwendo makusudi ili Herrmann atangulie kwenye barabara nyoofu, kisha akajibanza nyuma yake ambako upepo ulikuwa umekatwa, akachomoka na kumpita. Baada ya karibu kilomita 5,000, tofauti kati yao ilikuwa mita 120 hivi.

Ninawaomba wanafunzi wazipime mita hizo. Mtu anaweza kusema, na mwanafunzi mmoja mkali aliwahi kusema, kwamba maandamano ya Ickx yalikuwa ya bei rahisi. Katika mbio za saa 24, nusu dakika ni nini? Angetembea hivyo katika Grand Prix ya saa mbili tungemvulia kofia. Hoja hiyo ina uzito, tena inagusa kiini cha tofauti kati ya magari haya mawili: mbio ndefu zina nafasi ya mpinzani; zinamruhusu apoteze kidogo kwa ajili ya dhamiri kisha arudi kazini. Lakini mita 120, kwa mwendo wa magari yale, ni sekunde chache. Mwanzoni hakuna aliyejua kwamba bei ingekuwa ndogo. Ilipofika saa ya mwisho, muda alioupoteza kwa kutembea ulikuwa mkubwa kuliko muda alioshinda kwa kuwahi. Laiti Herrmann angeshinda, waandalizi wangemtaja Ickx kama mfano wa ujinga.

Husimuliwa pia kwamba siku iliyofuata, akielekea Paris, gari lake binafsi liligongwa njia na jingine karibu na Chartres, likaishia kwenye nguzo. Alifungua mkanda, akatoka mzima.

Mwaka 1970 madereva walianza mbio za Le Mans wakiwa tayari wameketi na kufungwa mikanda, na mwaka 1971 magari yalianza yakiwa mwendoni. Hakuna aliyekimbia tena.

Kufikia hapo mtu angeweza kumjengea sanamu, na ndivyo wanavyofanya wanaosimulia kisa hiki kwa ufupi. Mimi nina tatizo la Jackie Stewart. Mskoti huyo alinusurika ajali ya Spa mwaka 1966, akiwa amenaswa ndani ya gari huku petroli ikimlowesha, pasipo daktari wala vifaa vya kumtoa. Baada ya hapo aliamua kupigania vizuizi kando ya barabara, madaktari waliofunzwa, mikanda, na haki ya madereva kukataa uwanja usio salama. Alifanya hivyo kwa njia ya chama, yaani chama cha madereva wa Grand Prix. Walisusia Spa mwaka 1969. Mwaka 1970 walilazimisha Grand Prix ya Ujerumani ihamishwe kutoka Nürburgring. Walitukanwa sana kwa ajili hiyo, wakaitwa waoga.

Na Ickx? Alijitenga. Alikuwa mpinzani mashuhuri wa kampeni ya Stewart miongoni mwa madereva wenyewe. Aliamini kwamba hatari ilikuwa sehemu ya mchezo na kwamba aliyeiogopa barabara aendeshe polepole. Nürburgring na Spa, viwanja vya kutisha kuliko vyote, ndivyo alivyovipenda. Kwa lugha ya vyama vya wafanyakazi tungemwita msaliti wa mgomo. Huyu ndiye aliyetembea Le Mans.

Sijaweza kulipatanisha jambo hili kwa njia inayoniridhisha. Ninaloweza kusema ni kwamba kwake hatari ya barabara ilikuwa kitu kimoja, na hatari iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwapendeza watazamaji ilikuwa kitu kingine. Kona ya Nürburgring haikudanganya mtu. Kuwakimbiza watu wazima kuvuka barabara ili picha zipendeze ulikuwa upuuzi, na upuuzi haudai utii. Lakini pia niseme wazi ninakosimama: waliookoa maisha ya madereva wengi zaidi ni Stewart na chama chake, kwa vikao vya kuchosha, barua na susio, wala si kijana mmoja aliyetembea hatua chache. Picha ya anayetembea peke yake hukumbukwa kwa sababu inafaa kuwa picha. Kumbukumbu za mikutano ya chama hazina anayezitundika ukutani.

Turudi kwenye kazi yake. Katika langalanga Ickx alishinda mara nane na hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Alikaribia mwaka 1970. Jochen Rindt wa Lotus aliuawa Monza mwezi Septemba akiwa anaongoza kwa pointi, na Ickx wa Ferrari bado alikuwa na nafasi ya kumpita marehemu. Alihitaji kushinda mashindano yote matatu yaliyobaki. Alishinda Kanada, akashinda Mexico, lakini Watkins Glen nchini Marekani gari lilivuja mafuta akamaliza wa nne. Rindt akawa bingwa akiwa kaburini. Ickx amesema baadaye kwamba hakusikitika kuukosa ubingwa wa namna hiyo, nami ninamwamini.

Ushindi wake wa mwisho wa langalanga ulikuwa Nürburgring mwaka 1972. Baada ya hapo mteremko ulikuwa mkali: Ferrari ilidorora, wakaachana katikati ya mwaka 1973, Lotus aliyoikuta ilikuwa imezeeka, mwaka 1976 aliwahi kushindwa hata kufuzu kuanza mbio, na mwezi Oktoba gari lake la Ensign lilivunjika vipande pale Watkins Glen na kuwaka moto. Alitoka akichechemea, miguu imeumia. Alirudi kwa muda mfupi mwaka 1979, na hakuna aliyeshangaa alipoondoka.

Ukisoma takwimu za langalanga peke yake, huo ni mwisho wa mtu. Lakini katika miaka hiyo hiyo alishinda Le Mans mwaka 1975 pamoja na Derek Bell, 1976 pamoja na Gijs van Lennep, 1977, kisha 1981 na 1982 tena na Bell. Jumla sita, rekodi iliyodumu hadi Tom Kristensen wa Denmark alipoivunja mwaka 2005. Mwaka 1982 na 1983 akawa bingwa wa dunia wa mbio za masafa, kipindi ambacho kanuni ziliweka mgao wa petroli, na dereva bora alikuwa yule aliyejua kubana matumizi bila kupoteza muda.

Kati ya hizo ninachagua 1977. Gari aliloanza nalo liliharibika mapema. Porsche ikamhamishia gari la Jürgen Barth na Hurley Haywood, ambalo lilikuwa limekaa gereji muda mrefu likatumbukia hadi nafasi ya 40 na kitu. Ickx aliendesha sehemu kubwa ya usiku, katika ukungu na mvua, kwa kasi iliyovunja moyo wa Renault zilizokuwa zinaongoza. Kufikia asubuhi gari hilo liliongoza. Kisha karibu na mwisho injini ikafa upande mmoja. Ickx hakuwa na nguvu tena. Aliyelikokota gari kwa mizunguko ya mwisho, likiwa na silinda tano kati ya sita, ni Barth. Katika langalanga usiku ule wa Ickx ungepotea bure pamoja na injini. Hapa aliwakabidhi wenzake gari lenye ushindi ndani yake, nao wakalifikisha.

Maafisa wa umma wanaosoma ukurasa huu watavutiwa zaidi na Monaco, Juni 1984, siku ambayo Ickx hakuwa dereva bali mkurugenzi wa mashindano. Mvua ilikuwa kubwa. Alain Prost aliongoza akiwa na McLaren, na kijana asiyejulikana sana, Ayrton Senna, alikuwa akimkaribia kwa kasi. Ickx akatoa bendera nyekundu, mbio zikakatishwa kabla hata ya nusu. Prost akapewa ushindi na nusu ya pointi. Sasa tazama: injini ya McLaren ilibeba jina la TAG lakini ilitengenezwa na Porsche, na Ickx alikuwa dereva wa Porsche. Tena hakuwa ameshauriana na wasimamizi wenzake kama kanuni zilivyotaka. Alitozwa faini na kusimamishwa kazi hiyo.

Huenda uamuzi ulikuwa sahihi kwa usalama. Barabara ilikuwa ziwa. Lakini aliyetembea peke yake mwaka 1969 akasifiwa, mwaka 1984 aliamua peke yake akaadhibiwa, na nadhani mara zote mbili dunia ilikuwa na haki. Raia asiye na madaraka anaweza kutenda bila kikao. Mwenye bendera hawezi, hasa pale mwajiri wake anaponufaika. Na kichekesho ni kwamba Prost aliukosa ubingwa mwaka huo kwa nusu pointi. Kama mbio zingeendelea na Senna akamshinda, pointi sita za nafasi ya pili zingemtosha.

Septemba 1985, pale Spa, Stefan Bellof wa Ujerumani, kijana aliyekuwa na kipaji cha kutisha, alijaribu kumpita Ickx kwenye kona ya Eau Rouge. Magari yaligusana. Bellof alikufa. Mwishoni mwa mwaka huo Ickx aliacha kushindana viwanjani.

Alibakiwa na jangwa. Alikuwa ameshinda Paris-Dakar mwaka 1983 pamoja na mwigizaji Claude Brasseur, na aliendelea kuipenda Afrika kwa namna yake. Mashindano hayo sina mapenzi nayo. Yalipita katika vijiji ambavyo havikuulizwa, na watu wa vijiji hivyo, watoto miongoni mwao, waligongwa na kufa. Najiuliza mtu aliyekataa kukimbia kwa ajili ya picha aliwaonaje watazamaji waliosimama hatua mbili kutoka kwenye vumbi lake. Katika niliyoyasoma sijakutana na jibu.

Mwaka 1989 alikuwa katika timu ya Peugeot na Ari Vatanen wa Finland. Wawili hao waliwaacha wengine mbali wakaanza kushindana wao kwa wao kwa kasi ambayo ingevunja magari yote mawili. Kiongozi wa timu, Jean Todt, akatoa sarafu mfukoni. Sarafu ilirushwa, ikamwangukia Vatanen. Ickx, aliyekuwa na umri wa miaka 44, alitii na kufika Dakar wa pili.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini mara hii hakutembea. Nilimwambia aniandikie kurasa tano juu ya swali hilo. Muhula umekwisha, na bado ninazisubiri.